Ringi Mpya Katika Injini ya Zamani

Leo twapenda kusema nanyi habari za magari ya zamani, hasa ninyi mkaao Suguti na vijiji vingine vya Musoma kando ya ziwa. Watu wengi huamini ya kuwa injini iliyofungwa upya yapasa kubembelezwa siku nyingi. Neno hili lina hasara ndani yake.

Tuchukue mfano wa Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 mjini Amsterdam, na namna zake za zamani ziliendelea kutengenezwa hata mwaka 1985. Injini yake ikichoka, fundi huweza kuichonga silinda na kutia pistoni na ringi mpya.

Ringi ni pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, nayo huvikwa katika mfuo wa pistoni. Ringi za juu huzuia hewa ya moto isipenye kwenda chini. Ya chini hupangusa oili isipande ikaungua. Zisiposhika, gari hukosa nguvu na kutoa moshi wa buluu.

Fundi akiisha kuchonga silinda, huisugua ndani mpaka ipate mistari myembamba inayopishana kama nyuzi za wavu. Mistari hiyo hushika oili, na ncha zake hulika pamoja na ringi hata vyuma hivi viwili vikalingana. Lakini ni nini kiisukumacho ringi ukutani? Si ukakamavu wake peke yake. Hewa ya moto huingia nyuma yake katika mfuo na kuisukuma nje. Injini isiyo na kazi ina hewa dhaifu. Basi mtu aiachaye ikinguruma bure kutwa chini ya mwembe hudhani anaitunza, kumbe oili yaungua ukutani na kuufanya mwororo kama kioo. Hapo ringi hazishiki tena, na dawa ni kuifungua injini na kuisugua mara ya pili. Aliyeuza ng'ombe amlipe fundi atauza na wa pili.

Yafaa kufanya hivi. Tieni oili ya kawaida, si ya sintetiki. Injini ikiwaka, tazameni upesi kama oili inapanda na kama maji hayavuji, kisha litoeni gari njiani. Likipata moto wa kadiri, tieni gia ya tatu, kanyageni mafuta toka mwendo wa kilometa 40 kwa saa hata 60, kisha ondoeni mguu lipungue lenyewe. Rudieni mara nane au kumi. Mguu ukiondolewa, oili huvutwa juu na kuosha unga wa chuma. Kilima kidogo chafaa sana. Lakini msipakie mizigo mizito, wala msiache maji yachemke. Baada ya kilometa 500 hivi, mwageni oili ile na kutia mpya.

Pimeni oili kila asubuhi na kuandika. Ikipungua kidogo kidogo kuliko kwanza, na moshi ukitoweka, ringi zimeshika.

Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Na injini ni vivyo hivyo: ipeni kazi ya kadiri tangu siku ya kwanza, nayo itawatumikia miaka mingi.