Majipu ya Ini kwa Ng'ombe wa Maziwa: Utambuzi, Tiba na Kinga katika Mazingira ya Mponde

Jipu la ini ni mkusanyiko wa usaha ndani ya ini, uliozungukwa na ukuta mgumu. Linaweza kuwa moja au yakawa mengi, na lililo kubwa huweza kupita kipenyo cha sentimita 10.

1. Chanzo
Bakteria mkuu ni Fusobacterium necrophorum, mkazi wa kawaida wa tumbo la ng'ombe. Ng'ombe akila pumba au nafaka nyingi kwa ghafla, tumbo la kwanza hujaa asidi na ukuta wake huchubuka. Bakteria hupenya na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ini. Msumari au waya uliomezwa nao huweza kutoboa tumbo la pili na kulifikia ini. Kwa ndama, maambukizi huweza kuanzia kitovuni.

Katika milima ya Usambara, mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP ulihimiza tangu miaka ya 1980 ufugaji wa bandani pamoja na upandaji wa majani ya Guatemala kwenye kontua. Kwa mfugaji wa Mponde, katika milima hiyo, anayekata majani na kuyabeba hadi bandani, hatari huja kiangazi, majani yanapoadimika na pumba kushika nafasi yake kihorini. Huja pia baada ya ng'ombe kuzaa, anapoongezewa pumba kwa pupa ili maziwa yapande.

2. Utambuzi
Ng'ombe wengi hawaonyeshi dalili. Majipu huonekana machinjioni. Wanaougua hukonda, hupunguza maziwa, hupata homa ya kupanda na kushuka, na huweza kuguna wakibonyezwa kwa ngumi kwenye mbavu za kulia. Jipu likipasukia kwenye mshipa mkuu wa damu ulio jirani na ini, ng'ombe huweza kufa ghafla, au baadaye kutokwa damu puani na mdomoni.

Kwa kuwa dalili hizi si za jipu peke yake, ndigana kali na ndigana baridi huchunguzwa kwa kupapasa matezi na kupima damu kwa darubini, na minyoo ya ini kwa kutafuta mayai kwenye kinyesi. Kipimo cha ultrasaundi upande wa kulia huonyesha jipu, ila si lile lililofichwa na mapafu.

3. Tiba
Daktari wa mifugo huweza kutumia penisilini au oksitetrasaiklini kwa muda mrefu. Matokeo mara nyingi ni hafifu, kwa sababu dawa hupenya kwa shida ukuta wa jipu. Maziwa hayauzwi wala kunywewa hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe. Ng'ombe asiyepata nafuu huondolewa kundini.

4. Kinga
Pumba huongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu, hugawanywa katika milo kadhaa, na hutanguliwa na majani. Majani ya kiangazi huhifadhiwa mapema kwa kukaushwa au kuvundikwa. Waya na misumari huokotwa bandani, na kitovu cha ndama hupakwa ayodini mara anapozaliwa. Mkaguzi wa nyama akikuta ini lenye majipu, hulitupa. Mfugaji akipewa taarifa hiyo, hupitia upya ulishaji wa ng'ombe waliobaki.