Bia ya Kibelgiji katika shamba la hopsi

Msikilizaji mpenzi, ukitoka Buffalo kuelekea mashariki, ukaikata nchi ya asili ya mataifa ya Iroquois, utafika Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York. Hapo, mwaka 1997, Don Feinberg na mkewe Wendy Littlefield walifungua kiwanda cha Ommegang ili kutengeneza bia kwa mapokeo ya Ubelgiji. Katika mapokeo hayo kazi kubwa ni ya hamira: ndiyo huipa bia harufu ya matunda na viungo, na mara nyingi huendelea kuichachua hata ndani ya chupa.

Kiwanda hicho kilijengwa katika shamba la zamani la hopsi, lenye ukubwa wa ekari 136. Hopsi ni mmea utambaao, ambao maua yake huitia bia uchungu na manukato. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya hopsi za Marekani ilitoka New York. Kisha yakaja maradhi ya ukungu, ushindani wa mashamba ya magharibi, na marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933. Kilimo hicho kikafa.

Mwaka 2003 Ommegang ilinunuliwa na Duvel Moortgat, kampuni ya Ubelgiji. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilitoa Duvel Tripel Hop, yaani bia yake mashuhuri iliyoongezewa hopsi ya tatu, Amarillo, inayonukia kama machungwa. Asili ya Amarillo ni jimbo la Washington, upande wa pili wa Marekani. Hamira ya Ubelgiji na hopsi ya kisasa zikakutana, lakini mkulima wa vilima vya Cooperstown hakualikwa.

Sheria ya New York ya mwaka 2012 ilikusudia kumrudisha. Iliwapa nafuu watengenezaji wadogo wa bia wanaotumia mazao ya jimbo lao: kwanza angalau asilimia 20, kisha mwaka 2019 kiwango hicho kikapandishwa hadi asilimia 60.

Wakulima wa mtama nchini Kenya wanalielewa jambo hili. Bia ya Senator, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilipotengenezwa kwa mtama iliwafungulia soko. Kodi ilipopandishwa mwaka 2013, mauzo yake yaliporomoka na wakulima wakaumia. Anayechagua hopsi au kupanga kodi, msikilizaji mpenzi, ndiye aamuaye pia kama mkulima atapanda tena msimu ujao.