Mjusi wa Rangi ya Limau

Wiki hii nimepata barua ya mama mmoja wa Temeke. Kijana wake yuko masomoni Marekani, na huko amenunua mjusi. Kwa fedha taslimu! Mama anauliza kama mwanawe bado ana akili timamu. Tena anauliza jambo la pili: muuzaji amemwambia kijana aongeze dume wa rangi ya limau, azalishe, na fedha zake zitarudi. Je, ni kweli?

Akili anazo, mama. Huyo si mjusi kafiri wetu wa ukutani. Ni mjusi chui, mwenyeji wa Pakistani, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Ana kope za kufumba na kufumbua, na vidole vyake havinati, hivyo ukuta haupandi. Porini ni wa manjano mwenye madoa meusi. Mikononi mwa wafugaji amepata kila sura: asiye na madoa, wa chungwa, albino.

Sura hizo nyingi huenda kwa hesabu ya urithi. Mtoto hupokea chembe mbili, moja ya baba na moja ya mama. Chembe ya ualbino hujificha: mjusi mwenye moja tu huonekana wa kawaida kabisa. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino. Kila yai, nasema. Jike hutaga mawili kwa mkupuo, na yai la leo halijui la jana lilitoa nini; mtu anaweza kuangua kumi asimwone albino hata mmoja.

Tena ualbino wao una koo tatu: Tremper, Bell na Rainwater, na kila ukoo una hitilafu yake. Ukimpandisha albino wa Tremper kwa albino wa Bell, watoto hutoka wa kawaida. Mnunuzi asiyeambiwa hayo ataapa kwamba ametapeliwa.

Sasa hiyo limau, ambayo wafugaji huiita Lemon Frost. Yenyewe haijifichi. Dume mwenye chembe moja tu, akipandishwa kwa jike wa kawaida, karibu nusu ya watoto hung'aa. Ndiyo maana muuzaji anaahidi faida ya haraka. Asilolisema ni hili: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha kazi yao iliyoifuatilia rangi hiyo hadi kwenye jeni iitwayo SPINT1. Chembe hai za ngozi zinazorudisha mwanga, ambazo ndizo humng'arisha mjusi huyu, kwake huongezeka kupita kiasi na kugeuka uvimbe mweupe. Zaidi ya asilimia 80 ya mijusi hiyo huupata, kati ya miezi 6 na miaka 5 tangu kuanguliwa.

Najua jibu la muuzaji: changanya na damu mpya yenye afya, ugonjwa utatoka na rangi itabaki. Ushauri huo hufaa pale ambapo rangi na ugonjwa vimekuja kwa njia mbili tofauti. Hapa ushahidi unaonyesha chanzo ni kimoja. Mtoto akiikosa chembe hiyo anapona, lakini rangi nayo hana. Akiipata, amebeba vyote viwili.

Basi mama, mwandikie mwanao abaki na mjusi wake, amlishe nyenje, asome. Muuzaji akimgeuza dume huyo tumbo juu na kumwonyesha ngozi safi, asidanganyike; akiwa bado mchanga huweza kuwa safi. Uvimbe utakapoanza kuonekana, watoto wake watakuwa wamekwisha kuuzwa, wako nyumbani kwa watu wengine.