Kusomea Afya ya Jamii Mtandaoni: Uliza Kabla ya Kulipa Karo

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii na vijana waliomaliza shule ya upili)



Mimi si daktari wala muuguzi. Nilisomea uanahabari. Nimesimama hapa kwa sababu kuna swali moja linalorudi ofisini mwetu kila mara. Mtu ameona tangazo kwenye simu: kozi ya afya ya jamii mtandaoni, miezi mitatu, cheti kinatumwa kwa barua pepe. Anauliza, "Nikilipa, kaunti itaniandika kazi?" Wengine huja kuuliza wakiwa wameshalipa. Hao ndio hunikosesha usingizi.

Niseme mapema kwamba kusoma mtandaoni si utapeli. Mwaka 2005, Kenya ilikuwa na wauguzi wapatao 22,000 wenye cheti waliohitaji kufikia kiwango cha diploma. Kwa nafasi zilizokuwa vyuoni, ilikadiriwa kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100. Amref, Baraza la Wauguzi na washirika wao wakaanzisha masomo kwa njia ya kompyuta, muuguzi akasoma bila kuacha zahanati yake. Lakini angalieni kilichoupa mpango ule uzito: baraza linalosajili wauguzi lilishirikishwa, na mazoezi ya wodini yalibaki pale pale.

Kwa hivyo ushauri wangu ni kwamba muanzie mwisho. Kabla ya kusoma tangazo la kozi, tafuta tangazo la kazi unayoitaka, hata la mwaka uliopita. Linasema cheti gani? Usajili wa baraza gani? Ukishajua hayo, rudi nyuma uitafute kozi.

Mhamasishaji wa afya ya jamii haitaji diploma. Huteuliwa kutoka kwa jamii anamoishi, anapewa mafunzo, mkoba wa vifaa na simu, na anatembelea takriban kaya 100. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Ninyi mlio hapa mnajua pesa hizo zinavyoisha. Mtu akikuambia uilipie kozi yake ndipo uteuliwe mhamasishaji, weka simu chini.

Msaidizi wa afya ya jamii, yule anayewasimamia, ni mwajiriwa. Nafasi zake hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na hapo vyeti huangaliwa kwa makini. Afisa wa afya ya umma, yule anayekagua hoteli zetu na vyoo vya shule, lazima asajiliwe na baraza lake lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Chuo kisichotambuliwa na baraza hilo hakitakufikisha huko, hata video zake ziwe nzuri namna gani. Nazo shahada za kutoka nje ya nchi hulazimika kwanza kulinganishwa na za hapa kwetu.

Mashirika yasiyo ya serikali nayo huajiri wakusanyaji data, waratibu wa miradi na watunza kumbukumbu za afya. Huko kozi fupi ya mtandaoni husaidia, hasa ikiongezwa juu ya cheti ulicho nacho. Shirika la Afya Duniani hutoa kozi za bure mtandaoni, na nawahimiza mzisome, mradi mkumbuke kwamba cheti cha kumaliza kozi si leseni.

Sasa jambo ambalo matangazo hayasemi. Mnaujua ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Kuusoma utajifunza kwa simu kwa dakika kumi. Lakini ukiangukia kwenye nyekundu, na mama anasema mtoto ni mwembamba tu kama babake, na baba hataki kusikia habari za hospitali, hapo utafanya nini? Hilo mtu hujifunza akiandamana na mwenzake aliyezoea, nyumba kwa nyumba. Kozi yoyote isiyokupeleka nyanjani imeuza nusu ya bidhaa. Waulizeni wenye kozi: mazoezi ni ya wiki ngapi, katika kituo gani, na nani anayatia sahihi? Na gharama ya bando wameihesabu kwenye karo, au ni juu yako?

Wakisitasita, msiwatumie pesa. Lipelekeni tangazo hilo kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yenu, au mje nalo ofisini kwetu. Tutapiga simu pamoja tujue chuo hicho kimesajiliwa na nani. Njooni pesa zikiwa bado mfukoni.

Haya, nimeona mikono miwili kule nyuma. Tuanze na mama mwenye leso ya buluu.