Kambi Na. 14 ya Nagasaki: Waliokufa Kabla ya Bomu

Mkiitaja Nagasaki mnangoja tarehe moja: 9 Agosti 1945, saa 5:02 asubuhi. Nikianzia hapo nitaikosea kambi hii. Bomu la atomiki liliua mateka 8 wa Kambi Na. 14 ya Fukuoka, iliyokuwa Nagasaki. Wakati huo zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kufa. Mada yangu ni ya hao waliotangulia.

Kambi ilifunguliwa Aprili 1943 katika mtaa wa Saiwaimachi, katikati ya viwanda vya Mitsubishi. Vijana wa Japani walikuwa vitani, na karakana za meli zilihitaji mikono. Ikaletwa mikono ya askari waliotekwa Java mwaka 1942, wengi wao Waholanzi, pamoja na Waingereza na Waaustralia. Walifunga ribiti, wakachomelea, wakasubu vyuma. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu askari mateka kufanyishwa kazi, mradi isiwe ya kuhudumia vita moja kwa moja. Japani iliutia saini, haikuuridhia.

Watu waliozoea jua la Java wakakutana na baridi ya Kyushu, chakula haba, nguo hafifu. Nimonia ikawapukutisha. Sina la kupamba hapo: mwenye njaa akishinda karakanani mchana kutwa, upepo wa bahari ukimpiga, mapafu yake hayangoji bomu.

Bahari nayo ilichukua fungu lake. Usiku wa 24 Juni 1944, karibu na Nagasaki, nyambizi ya Marekani iitwayo Tang iliizamisha meli ya Tamahoko Maru. Mlikuwa na mateka 772, walikufa 560. Meli haikuwa na alama ya kuonyesha imebeba mateka, na wanamaji wa Tang waliwaua watu wa upande wao bila kujua. Walionusurika, 212, walipelekwa Kambi Na. 14. Miongoni mwao alikuwemo Aidan MacCarthy, daktari Mwairishi wa jeshi la anga la Uingereza.

Nimesema wa Tang hawakujua. Waliopanga bomu walijua. Tarehe 31 Julai 1945 Jenerali Carl Spaatz wa Marekani aliiarifu Washington kwa simu ya maandishi kwamba kuna kambi ya mateka kama maili moja kaskazini ya katikati ya Nagasaki, akauliza kama hilo linabadili uchaguzi wa mji huo. Akajibiwa kwamba shabaha ni zilezile. Kambi ilikuwa chini ya kilomita 2 kutoka bomu lilipolipukia, na haingekuwa mbali zaidi, kwa kuwa mateka waliwekwa penye viwanda, na viwanda ndivyo vilivyoutia mji huo kwenye orodha ya shabaha.

Mnara wa kuwakumbuka ulizinduliwa Mei 2021. Kiwanda cha Saiwaimachi hakipo tena. Palipokuwa nacho, tangu Oktoba 2024, pana uwanja wa mpira. Kama muda unaruhusu, Mwenyekiti, ningependa mjadala uanzie kwenye ile simu ya Spaatz.