Dawa ya Ini Iliyofika Kifuani

Juma hili tuzungumze juu ya dawa moja iliyohangaika sana kabla ya kupata kazi. Inaitwa remdesivir.

Utafiti ulioizaa ulianza mwaka 2009 katika kampuni ya Gilead ya Marekani. Waliokuwa wakitafutiwa silaha wakati huo ni virusi viwili: kile cha homa ya ini aina ya C, na kile kiitwacho RSV, kinachobana vifua vya watoto wachanga. Ini na kifua vinakutana wapi? Vinakutana katika uzazi wa wadudu hao. Vyote viwili hubeba maagizo yao katika RNA, na kila kimoja kina kimeng'enya chake cha kuyanakili. Dawa ya namna hii ni tofali bandia. Kimeng'enya hulichukua kikidhani ni halisi, hulitia ukutani, ujenzi ukakwama.

Kusema ni rahisi. Kirusi cha homa ya ini C kilitambuliwa mwaka 1989, lakini kilikataa katakata kuota maabara. Utajaribuje dawa juu ya mdudu usiyeweza kumfuga? Ilipita miaka 10 hadi kundi la Ralf Bartenschlager, kule Mainz, Ujerumani, lilipofaulu mwaka 1999 kuzalisha sehemu ya maagizo ya kirusi hicho ndani ya seli za saratani ya ini. Kirusi kizima kilikubali mwaka 2005. Desemba 2013 Marekani ikaidhinisha sofosbuvir, tofali bandia jingine, na siku hizi ikiunganishwa na dawa mwenzake huponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, kwa kawaida ndani ya wiki 12.

Bei yake ya kwanza huko Marekani? Dola 1,000 kidonge kimoja! Misri, wenye wagonjwa wengi mno, hawakukaa kulia. Walibishana hadi wakapewa dozi ya wiki 12 kwa dola 900.

Na remdesivir? Kwa ini haikufua dafu. Ikapelekwa Kongo kupambana na Ebola, na Agosti 2019 ikawekwa kando kwa kuwa dawa mbili za kingamwili ziliokoa watu wengi zaidi. Mwaka uliofuata ukaja Uviko, na jaribio moja kubwa likaonyesha wagonjwa waliolazwa wakipata nafuu kwa siku 10 badala ya 15.

Sasa tuje kwetu, ambako aina ya B ndiyo inayotusumbua zaidi. Hiyo haijapata dawa ya kuing'oa, lakini tenofovir huikandamiza. Nayo tunayo tayari, imo katika dawa za UKIMWI. Ila mwenye homa ya ini B peke yake, asiye na virusi vya UKIMWI, mara nyingi huambiwa akanunue mwenyewe, wakati vidonge vile vile vimejaa kabati la chumba cha pili. Mimi napenda kumsikia mkubwa mmoja wa afya akinieleza sababu.