MALI BILA DAFTARI: HOTUBA JUU YA MAKTABA NA NYARAKA



Kamati imeniomba niseme machache juu ya nyumba mbili za Nairobi ambazo wengi wetu hupita mbele yake bila kuingia, nazo ni Maktaba ya McMillan na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa.

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931. Bibi McMillan aliijenga iwe ukumbusho wa marehemu mumewe, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baraza la Jiji liliichukua mwaka 1958, na milango ikafunguliwa kwa watu wa kila rangi. Kisha mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuanzisha maktaba za taifa, na leo miji kama Kisumu, Nyeri na Embu ina maktaba zake. Humo mtoto asiye na taa nyumbani hupata meza na mwanga, mtu mzima husoma magazeti, na aliyejiandikisha huazima kitabu akaenda nacho kwake, mradi akirudishe kwa siku iliyowekwa.

Mwaka huo huo wa 1965 ilipitishwa pia sheria ya nyaraka za umma. Nyumba ya nyaraka iko Barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa benki hapo zamani. Hazina yake ni mafaili: taarifa za kila mwaka za wilaya, barua za Mabwana Shauri, habari za mipaka, kodi, shule na masoko. Faili haliazimwi. Msomaji hujiandikisha, hutazama orodha, huandika namba ya faili alitakalo, naye mtumishi humletea mezani.

Basi wazee wangu, yafaa tujiulize: katika mafaili hayo ni nani anayesema? Mara nyingi ni Bwana Shauri, aliyeandika kwa jinsi alivyoona yeye. Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoanzishwa mwaka 1923, chasikika hata leo kwa kuwa barua zake ziliingia katika mafaili ya serikali. Vyama vingi ambavyo madaftari yao yaliliwa na mchwa vimenyamaza kabisa. Tena mafaili mengi ya wilaya zetu yalipigwa picha katika filamu, na nakala zikapelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mwanafunzi wa huko aweza kusoma habari za babu zetu. Je, mwana wetu aliye hapa jirani atashindwa?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naona neno hilo lahusu hata heshima ya watu.

Kwa hiyo naleta maombi matatu. Kwanza, madaftari ya mikutano yetu yakusanywe kutoka nyumba za maofisa waliostaafu, yawekwe katika sanduku la bati. Pili, Kamati iwaendee wakuu wa Nyaraka, iwaulize kama watakubali kuyatunza. Tatu, kila mzazi amwandikishe mwanawe katika maktaba iliyo karibu naye kabla ya mkutano wetu wa mwaka ujao.

Wazee wetu waliobaki si wengi. Yaliyo vifuani mwao yaandikwe wangali nasi.